Gauni la Kaki

Wanaume hawakuwa hata wamerudi kutoka makaburini wakati mwanamke mmoja nyuma yangu alipoanza kumweleza mwenzake, kwa sauti ya mtu anayetoa habari inayojulikana, kwamba marehemu ndiye yule wa popi, yule aliyemuuza mjomba wake kwa waasi angali mtoto. Tulikuwa uani, sisi wanawake, tumekaa mikekani tunachambua mchele. Niligeuka nikamkata jicho. Alikuwa wa umri wa binti yangu mdogo, amevaa vizuri, uso hauna ubaya wowote. Wakati wa waasi mama yake mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Na huyu naye alikuwa na lake la kusema kuhusu Zaina, rafiki yangu wa utotoni, wakati udongo wa kaburi bado haujakauka. Hasira ilinipanda mpaka mchele ukanitoka mkononi. Nimefika umri wa kuambiwa na watoto wangu nisipandishe damu, nikae, ninywe maji. Sitaki maji. Miaka sitini nimelisikia neno hilo, kwenye maduka ya Makiso, katikati ya mji, kwenye harusi, ndani ya boti ya Basoko, mara moja hata kwenye foleni ya daktari, na kila mara anayelisema hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nalisema hapa mwanzoni ili msomaji asidhani namfichia kitu: Zaina hakumtaja mjomba wake kwa mtu yeyote. Aliyemtaja ninamjua, na siku hiyo ya maziko alikuwa amekaa karibu na mlango, mahali pa wazee, akiletewa chai kabla ya watu wote.

Tulikuwa watoto wa mtaa wa Waislamu, nyumba za udongo zenye baraza ndefu, na mwaka ule kazi yetu kubwa ilikuwa popi. Popi ni mwanasesere. Ndivyo tulivyomwita na ndivyo anavyoitwa mpaka leo mjini kwetu. Watoto wa wazungu, kabla wazazi wao hawajawakimbiza wakati wa dipanda, yaani uhuru, walikuwa na mapopi ya dukani yenye macho ya kufumba na kufumbua. Tuliyaona kwenye vioo vya maduka na sikumbuki kuyatamani sana, maana kila moja lilikuwa na gauni moja tu, limeshonewa mwilini. Wetu mwili wake ulikuwa gunzi la mahindi, au kitambaa kilichojazwa pamba ya mti, lakini nguo alikuwa nazo za kubadilisha. Mimi nilikuwa na kopo la maziwa lililojaa nguo za popi wangu, zimekunjwa. Baada ya chuo cha Kurani tulikusanyika kwenye baraza ya Mama Shabani, jirani aliyekuwa akikaanga mikate na kuiuza palepale, tukawapanga mapopi ukutani, na kila mmoja akamvua wake na kumvalisha mbele ya wenzake: kikwembe cha kufunga kiunoni, libaya la juu, kilemba. Ikitoka nguo mpya tuliuliza wote kwa pamoja, "Kitambaa ya nani?" Hapo ndipo palikuwa na mchezo. Ilikubidi ueleze: hiki ni kipande cha kikwembe alichoolewa nacho mama mdogo, hiki ni cha shati la babu lililoungua pasi, hiki tulipewa na wageni wa Kindu. Nguo isiyo na mwenyewe haikuhesabiwa, hata iwe nzuri namna gani. Ukishindwa kumtaja mwenyewe, unakusanya vitu vyako, unakaa pembeni, unazomewa. Kwa hiyo watoto wa mtaa ule tulijua nguo za kila nyumba, nani amepata kikwembe kipya na nani ameuza cha zamani. Watu wazima walicheka wakitusikia, na walikuwa wakisikiliza.

Zaina ndiye aliyekuwa tajiri wetu. Baba yake, Papa Fundi, alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa barazani, na chini ya meza kulikuwa na kapu la vipande ambalo mtoto mwingine yeyote angelilinda kwa meno. Yeye aligawa. Alikuja na vipande kwenye upindo wa nguo yake, akamwambia huyu chukua, na wewe chukua, na kila kipande alikitolea habari yake ili mwenziwe asishindwe siku ya mashindano. Alikuwa mtoto wa maneno machache nje ya mchezo, mwembamba, mwenye tabia ya kutafuna uzi. Nataka ijulikane kwamba aligawa, kwa sababu nimesikia watu wakisema alikuwa na kijicho tangu utotoni. Kijicho cha nini? Kapu lilikuwa la baba yake.

Halafu waasi wakaingia mjini. Sitaki kueleza vita, wako waliosoma wanaoijua kuliko mimi. Nilichokiona mimi ni nguo. Asubuhi waliyoingia, askari wa serikali walivua magwanda yao na kuyatupa, na kwa siku kadhaa uliyakuta kila mahali, kwenye mitaro, kwenye migomba, shati huku na suruali kule, na sisi watoto tulikatazwa kuyagusa. Waasi wenyewe walivaa majani kichwani na ngozi za wanyama, vijana wengi wao, na walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate. Dawa hiyo ilikuwa na miiko yake. Wasiguse mwanamke, wasiguswe na damu, na hasa hasa wasisogelee mzazi aliyejifungua karibuni, la sivyo maji yanaharibika na wao wanakufa. Waliwatafuta askari waliojificha, na makarani, na yeyote aliyeonekana amekula na serikali. Mume wa Mama Shabani alikuwa karani, walimchukua wiki za mwanzo wakamfungia pamoja na wengine, na Mama Shabani akaendelea kukaanga mikate na macho yamemvimba. Chakula kilianza kuwa kigumu. Nyumbani tulikula lituma asubuhi na jioni, ndizi tupu za kutwanga, na ukibahatika kipande cha samaki, basi mama alikigawa kwa kidole.

Mama Zaina alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku chache tu kabla, yuko ndani kwenye arobaini yake. Chumba chake nakifahamu, nilikuwa naingia na Zaina kumwona mtoto: giza, pazia la kikwembe limekigawa katikati, harufu ya mafuta ya mawese na moshi wa kujifukiza, kitanda huku, na ng'ambo ya pazia, tuliambiwa, vyombo. Tulikatazwa kupita ng'ambo ya pazia. Waasi walifika uani mara mbili kutafuta askari, na mara zote mbili Papa Fundi aliwaambia kuna mzazi ndani, na wao wakarudi nyuma mpaka kwenye mti wa mlimao, mikono wameibana kifuani. Wanawake wa mtaa walilicheka jambo hilo kwa siri. Walicheka pia jinsi mzazi alivyokuwa akila. Sahani iliyoingia mle chumbani ilikuwa na tonge la kushibisha watu wawili na ilitoka imelambwa. Nilimsikia Mama Shabani akimwambia mama yangu, wakati wanachuma sombe, majani ya muhogo, kwamba yule mzazi ana tumbo la baharia. Mama yangu alisema anyonyeshe, ana haki. Nami sikufikiri kitu.

Ng'ambo ya pazia alikuwemo Tonton Ramazani, mjomba wake Zaina, mdogo wake Mama Zaina. Alikuwa askari wa serikali, kweli, lakini askari wa bendi. Alipiga tarumbeta. Kabla ya vita tulikuwa tunamwona siku za sherehe, mashavu yamejaa, tarumbeta inang'aa, na kila alipokuja kumsalimia dada yake alikaa barazani akisugua vifungo vyake kwa majivu na kitambaa huku akizungumza. Sidhani aliwahi kumpiga risasi hata kuku. Gwanda lake Mama Zaina hakulitupa wala hakulichoma, maana moshi wa nguo unajulikana, na choo kilikuwa cha nyumba tatu. Alilikata kwa mkasi wa mumewe vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye kapu la vipande. Ilikuwa akili nzuri, nani angetafuta kitambaa ndani ya kapu la fundi? Lakini mwanamume mzima aliyefungiwa nyuma ya pazia siku nenda siku rudi, haruhusiwi kukohoa, haruhusiwi kutembea, hana tarumbeta, atafanya nini? Alishona. Alimwambia Zaina amletee kapu na sindano, na kwa vipande vya gwanda lake mwenyewe akamshonea popi wa mpwa wake gauni, lenye kola, lenye marinda, mishono mikubwa ya kiaskari lakini imenyooka. Na kifuani akaweka kifungo. Dada yake alikuwa amevizika vifungo vyote, yeye alificha kimoja, akakisugua mpaka kikawaka, akakishona kwenye gauni la mtoto wa kike wa miaka kumi. Nilimpenda Tonton Ramazani, alinibeba mabegani. Hata hivyo nikimkumbuka na kile kifungo hasira inanirudia palepale. Wewe ni mtu mzima. Wanakutafuta nyumba kwa nyumba. Unampa mtoto kitu cha kukuua kisha unamwambia usionyeshe?

Alimwambia asionyeshe, ndiyo. Zaina alinieleza baadaye. Alikaa nalo siku kadhaa, akimvalisha popi ndani ya chumba na kumvua. Kisha akashindwa. Jamani, alikuwa mtoto, na lile ndilo lilikuwa gauni zuri kuliko yote yaliyopata kuonekana kwenye baraza ile. Lakini angalieni alivyofanya: alikata kipande cha leso nyeupe, akamfunika popi shali mabegani, akaifunga mbele ili kifungo kisionekane. Alikuja nalo hivyo. Popi alipotoka kwenye kikapu na lile gauni la marinda, sote tulisogea, kisha tukauliza kama kawaida, kitambaa ya nani. Nilikuwa nimekaa kando yake, goti langu linagusa goti lake, na nilimwona akikaza tena fundo la ile shali. Sasa naamini hakuwa amelifikiria swali mpaka aliposikia linaulizwa. Angeweza kudanganya. Angesema kaptula ya shule ya kaka wa fulani, kaki ni kaki, tungekubali. Lakini mchezo ule ulikuwa na kiapo chake, tulikuwa tukisema wallahi mbele ya kila jina, na Zaina alikuwa mtoto wa chuo aliyeogopa kuapa uongo. Akasema haina mwenyewe. Tukauliza tena. Akasema tena, haina mwenyewe, na akaanza kumrudisha popi kikapuni. Alishindwa makusudi, mtoto ambaye hakuwahi kushindwa mchezo huo hata siku moja. Wenzetu walimzomea. Aliinamisha kichwa akakaa pembeni, akatafuna uzi.

Mama Shabani aliondoa sufuria ya mafuta motoni. Nakumbuka hilo kwa sababu mikate ilikuwa bado haijaiva. Akafuta mikono, akaja, akasema kwa upole, "Kitambaa iko na mwenyewe siku zote, mutoto. Leta nione." Zaina hakumpa. Mama Shabani alikichukua kikapu mwenyewe, akamtoa popi, akapima kitambaa kati ya vidole viwili, akainua shali kwa ukucha. Aliangalia kidogo tu. Akaishusha shali, akaiweka sawa, akamrudisha popi, akatupa kila mmoja mkate wa bure, jambo ambalo hakuwahi kufanya kabla. Tulikula. Zaina peke yake hakula, aliushika mkate wake mpaka ukapoa.

Kesho yake walikuja wakati wa chai ya asubuhi. Safari hii hawakuuliza kama kuna askari. Walisimama palepale kwenye mlimao, mbali na chumba cha mzazi, na kijana wao mkubwa akapaza sauti, "Iko wapi ule mwenye kushonea popi nguo ya serikali?" Mtaa mzima ulisikia. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu na kikombe mkononi. Papa Fundi alianza kusema kuna mzazi, na yule kijana akasema vizuri, hawataingia, watatia moto kwenye makuti na mzazi atatoka mwenyewe na mtoto wake. Walikuwa na kijinga cha moto tayari. Mama Zaina alilia mle ndani, sauti moja tu. Pazia la mlango likafunguka akatoka Tonton Ramazani, amevaa kanzu ya shemeji yake iliyomfika magotini, mweupe wa kukosa jua, anabana macho. Alisema, "Muache muzazi. Ni mie." Hakusema kingine. Walimtoa uani bila kumfunga, kuelekea mtoni, na wakati anapita mbele yetu alikuwa akitafuta mtu kwa macho, nadhani Zaina, lakini Zaina alikuwa ndani, mama yake amemshika mkono kwa namna ambayo alama zake zilikaa siku nyingi. Tonton hakurudi. Hatukupata hata cha kuzika.

Jioni ileile mume wa Mama Shabani alirudi nyumbani. Nasema jioni ileile. Alikuja kwa miguu, amekonda, ndevu zimejaa, na watu walitoka kumpokea, wakamshukuru Mungu, wakaletewa chai. Makarani wengine waliofungwa naye hawakurudi siku ile, wala siku nyingine. Watu wazima wenye akili timamu walikaa kwenye baraza ile, wakainua vikombe, nyumba mbili kutoka kwa Papa Fundi ambako wanawake walikuwa wanalia, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Au walijiuliza wakameza. Mimi nilikuwa na homa tangu mchana, mama alikuwa amenilaza jikoni, nyuma ya gunia la makaa penye joto, na hapo ndipo nilipomsikia Mama Shabani alipokuja kwa mama yangu. Alikuwa analia bila sauti, pua tu inasikika. Alisema, "Walisema kesho ni zamu yake. Niliwapa wa Fundi." Mama yangu alimmiminia kikombe. Kisha akamwambia, kunywa chai, ina tangawizi. Mama Shabani akanywa.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu nimeshaambiwa mara nyingi kwamba sina huruma. Kwa hilo simlaumu. Mimi nimeolewa, nimezaa, ningekuwa mahali pake na mume wangu anauawa kesho, sijui mdomo wangu ungesema nini, na anayejua amshukuru Mungu. Ninachomlaumu ni cha siku ya tatu. Tulikuwa kwenye hitima ya Tonton Ramazani, chumba kimejaa wanawake, wali mkavu bila mchuzi kwa sababu hakukuwa na kitu, na wanawake walikuwa wanaulizana waasi walijuaje habari ya popi. Mama Shabani hakuulizwa yeye. Angeweza kukaa kimya, angekula wali wake akaenda zake. Alisema kwa hiari yake, tena kwa huruma, akimshika Mama Zaina bega, "Ni mutoto, dada. Mutoto hajui kufunga mudomo." Nilimwona Mama Zaina akiinua kichwa na kumtafuta binti yake kwa macho katikati ya watu. Zaina alikuwa amebeba birika la kunawia. Aliangalia nyuma kuona nani anayetazamwa hivyo.

Kuanzia siku hiyo Mama Zaina hakumpa tena Zaina mtoto ambebe. Alimwekea chakula, alimnunulia nguo ya Idi, hakumpiga. Ila hakumwita tena kwa jina lake, alisema "wewe", na mle ndani alipoingia wao walinyamaza. Mimi nilifanya nilichoweza. Nilikwenda mpaka mlango wa jikoni kwao, homa haijaisha vizuri, nikamwambia Mama Zaina nilichokisikia nyuma ya makaa, neno kwa neno. Akanirudisha kwa mama yangu. Mama yangu alinipiga kwa mwiko wa lituma, akaniuliza kama nataka waasi waje kutumaliza na sisi. Bon, waasi walikuwa bado wapo, nikanyamaza. Halafu ndege zikaja, waasi wakakimbia, askari wa serikali wakarudi na kuanza kuwatafuta waliowasaidia waasi, nao pia hawakuwa na mchezo. Nikasema tena. Mama akaniambia sasa ndiyo mbaya zaidi, ukimtaja Mama Shabani watamuua yeye na watoto wake watabaki na nani. Nikanyamaza tena. Nilipokuwa msichana mkubwa, uchumba wa kwanza wa Zaina ulipovunjwa kwa sababu ya neno hilo, nilisimama mbele ya wazee nikasema. Wakasema rafiki anamtetea rafiki, na isitoshe ni mambo ya zamani, Mama Shabani ni mjane sasa, muacheni. Uchumba wa pili vilevile. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila mara sababu ilikuwa nzuri, na kila mara aliyelipa ni yuleyule. Mwishowe aliolewa Basoko na mvuvi asiyejali maneno ya mjini, akazaa Mwamini, mtoto mmoja tu, akaishi kule na jina likamfuata kule kule kwa boti. Zaina wa Popi. Nilipokuwa namwendea tulikaa jikoni kwake, samaki anachemka kwenye mawese, na nikianza kufoka alikuwa ananiambia, "Wewe unajua. Basi." Ilinitia hasira hata hiyo. Haikuwa basi.

Sasa nirudi uani, mtaani kwetu, ambako Mwamini alimleta mama yake azikwe. Niliuacha mchele, nikavuta kigoda, nikaenda kukaa mbele ya Mama Shabani, karibu kabisa, magoti yetu karibu yagusane. Msidhani ni kikongwe asiyejua leo ni lini. Ana akili zake zote, anatambua sauti, anauliza habari za wajukuu wa watu kwa majina. Nilimwambia Zaina amekufa na jina lako mgongoni. Nilitegemea akatae. Alikunywa chai kidogo, akasema alijua siku ile kwamba niko nyuma ya makaa, aliona mguu wangu. Alijua, miaka yote hiyo. Nilimuuliza kwa nini mtoto, kwa nini hakusema hajui, kwa nini hakunyamaza. Akanijibu bila kuficha uso, "Mutoto, watu wanamusamehe. Mie, hapana. Nilifikiri wanamusamehe mutoto."

Nikamwambia kweli, alisamehewa. Mama Zaina alipokuwa anakufa alimwita binti yake kutoka Basoko. Alikuja usiku na mchana juu ya maji, akidhani hatimaye mama ameelewa. Mama yake alimshika mkono, akamwita kwa jina mara ya kwanza tangu utotoni, akasema, "Zaina, nimekusamehe." Kisha akafa, na hakukuwa tena na wa kujibiwa. Zaina alitoka nje akatapika kwenye maua ya watu. Aliniambia mwenyewe kwamba yote aliyabeba, jina, uchumba, kimya cha mama yake, lakini ule msamaha ulimshinda. Nilimuuliza Mama Shabani kama anajua inavyokuwa kusamehewa kitu ambacho hukufanya, na mtu ambaye huwezi tena kumwambia. Nilikuwa napaza sauti, nadhani, maana wanawake wa karibu walikuwa wameacha kuchambua.

Mwamini alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe. Sikujua amefika lini, wala amesikia kuanzia wapi. Ana uso wa baba yake, mpana, mtulivu, na mikono ya mama yake. Aliweka sinia chini taratibu, akamwinamia Mama Shabani kwa heshima zote, akamwambia kama mjukuu kwa bibi yake, "Koko, rudilia. Watu wote wasikie." Mama Shabani akasema miguu haimbebi. Mwamini akamwita binamu yake, wakashika kiti huku na huku, wakamwinua yeye na kiti chake, wakambeba mpaka katikati ya uwanja ambako wanaume walikuwa wanaanza kuingia na udongo kwenye viatu, wakamtua hapo. Watu wakamgeukia. Wengine walidhani mama mzee anataka kumwombea marehemu, wakainua viganja.

Akasema. Alisema yote, waasi, mumewe, kitambaa kati ya vidole vyake, na kwamba mtoto aliulizwa mbele ya watu na mtoto hakumtaja mtu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilisubiri nijisikie vizuri na sikujisikia vizuri, nilikuwa na hasira ileile, kwamba maneno machache namna hii, yanayomalizika kabla chai haijapoa, hakuna aliyeyapa nafasi wakati Zaina yuko hai wa kuyasikia. Nyuma, karibu na ukuta, yule mwanamke aliyevaa vizuri alimuuliza mwenziwe bibi anasema nini, hawasikii.

Mwamini alimsikia. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Hawasikie, koko," alisema. "Anza tena."

Akaanza tena.